Kweli Isiyoapiwa

Mwaka 1990 ilitoka Marekani, kwa shirika la uchapishaji la Random House la New York, riwaya iitwayo Rush, na mtungaji wake, bibi Kim Wozencraft, hakuwa amejifunza mambo ya unga na wauza unga katika maktaba, wala kwa kuwahoji wapelelezi waliostaafu. Alikuwa mwenyewe askari kanzu wa dawa za kulevya katika mji wa Tyler, mashariki ya jimbo la Texas, mwishoni mwa miaka ya sabini, akaishi miezi mingi kwa jina lisilokuwa lake, akanunua, akatumia, akaandika ripoti, akasimama mbele ya hakimu, akaapa kusema kweli tupu, kisha akasema uwongo. Kwa uwongo huo alifungwa. Alipokwisha kutoka kifungoni alikwenda Chuo Kikuu cha Columbia kusomea utungaji, na yale yale aliyoyapotoa chini ya kiapo akayanyoosha katika kitabu ambacho hakuna mtu aliyemtaka aapie hata neno moja lililomo.

Hayo ndiyo yaliyonivuta kuandika makala haya, kwa kuwa aghalabu watu huidhania riwaya ya upelelezi kuwa ni pambo linalovikwa juu ya mambo yaliyotukia, kana kwamba jambo lenyewe, safi na uchi, limelala katika jalada la kesi, na mtungaji kazi yake ni kulitia rangi ili msomaji asisinzie. Katika kazi nyingine za polisi huenda ikawa hivyo. Katika kazi ya askari kanzu wa dawa za kulevya mimi naona pambo limo ndani ya jalada, na riwaya, ikiandikwa na mtu mwenye insafu, ndiyo inayolivua.

Sababu yake imo katika asili ya kosa lenyewe. Mauaji huwa na maiti, na wizi huwa na mwenye mali anayelia. Lakini biashara ya unga haina mlalamikaji, maana aliyeuza ameridhika, na aliyenunua, japo anaangamia, ameridhika zaidi, wala hapana mmoja wao aliye na haja ya kumwona askari mlangoni. Kwa hiyo serikali, ikitaka ushahidi, haina budi kujipeleka yenyewe sokoni kwa sura ya mnunuzi, na mnunuzi haaminiki siku ya kwanza. Atakaa kijiweni kwanza. Atakopa na kukopesha. Atasikiliza habari za mke aliyeondoka na za mama aliye mgonjwa, naye atatunga mke wake na mama yake ili apate cha kujibu. Atapata, kwa ufupi, rafiki, na siku rafiki huyo atakapomwamini kiasi cha kumtolea kete bila ya kutazama nyuma, siku hiyo ndiyo kesi imezaliwa. Siijui kazi nyingine ya halali ambayo mazoea ya mtu na mtu ndiyo malighafi yake, na kifungo cha mmoja wao ndiyo bidhaa inayotoka.

Kisha askari huyo hurudi kwa siri, akaketi, akaandika. Ripoti ya ununuzi ina kanuni zake: tarehe, saa, mahali, jina la muuzaji au lakabu yake, namba za noti zilizotolewa, uzito wa kilichopokewa, muda kilipofungwa na kutiwa lakiri. Kila kimoja kati ya hivi ni kweli, au chaweza kuwa kweli, na hakimu hawezi kuhukumu pasipo hivyo. Lakini haimo nafasi ya kuandika kwamba muuzaji alimpakulia chakula, kwamba walicheka usiku kucha, kwamba askari mwenyewe alipokuwa akitembea kuelekea garini hakujua kama moyo uliokuwa ukimdunda ulidunda kwa hofu au kwa furaha. Na zaidi ya yote haimo nafasi ya jambo ambalo kila mtu wa kazi hii hulijua: kwamba muuzaji mwenye akili humwambia mnunuzi mgeni aonje kwanza, mbele yake, na anayekataa kuonja amejitangaza kuwa ni nani. Sheria haimruhusu askari kuonja. Bosi wake hataki kusikia kwamba ameonja. Basi ripoti husema kuwa afisa alijifanya kuvuta, au alijifanya kunusa, na kwa sentensi hiyo moja fupi, iliyoandikwa kwa herufi nadhifu, uwongo hupata mlango wa kuingilia mahakamani ukiwa umevaa sare.

Huko Tyler uwongo ulianzia karibu na hapo. Wozencraft na mwenzake, askari mzoefu kuliko yeye, walitumwa kuwanasa wauzaji wa mji mzima, na waliokamatwa kwa ushahidi wao walizidi watu mia moja, hesabu iliyowafurahisha wakubwa na ambayo kwa mji wa ukubwa ule ilipasa kumshtua mtu mwenye kufikiri. Wakati huohuo wawili hao walikuwa wamekwisha kuwa waraibu wa vitu walivyotumwa kuvikomesha. Usiku mmoja wa Januari 1979 walipigwa risasi za bunduki ya marisau katika nyumba ya trela waliyokuwa wakikaa, na mwenzake akajeruhiwa vibaya. Na miaka michache baadaye wote wawili walikiri, mbele ya mahakama ya shirikisho, kwamba katika kesi zile walitoa ushahidi wa uwongo. Askari wakafungwa kwa uwongo uliowafunga wengine.

Sasa tazama afanyavyo mtungaji. Angeweza kuandika kitabu cha kujitetea, na wachapaji wangekipokea; angeweza pia kuandika toba, maana Wamarekani, kama sisi, huipenda toba inayoandikwa vizuri. Badala yake alimwumba Kristen Cates, msichana anayesimulia kwa kinywa chake mwenyewe, na mwenzake Jim Raynor, akawaweka katika mji uliofanana na ule, akamwachia Kristen aseme yasiyosemeka kizimbani: kwamba sindano ilikuwa tamu, kwamba kudanganya watu kwa ustadi kuna ladha yake, kwamba aliwapenda baadhi ya wale aliowauza, na kwamba hata mapenzi yake na Jim hakuweza kuyatenga na kazi wala na unga. Msomaji hafikishwi mahali pa kumsamehe wala pa kumlaani, bali huachwa naye chumbani, na fadhaa ya kuachwa hivyo ndiyo thamani ya kitabu. (Riwaya hii ilifanywa filamu mwaka 1991 na Lili Fini Zanuck, na wengi wetu tuliosikia redioni wimbo wa Eric Clapton uitwao Tears in Heaven, hata kwenye harusi, Mungu atuhifadhi, tulikuwa tukisikia wimbo uliotoka katika filamu hiyo bila ya kujua.)

Yuko atakayesema kwamba mahakama nayo hujua kusimulia, na kwamba ninaidhulumu. Sikatai. Mwaka 1958 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Sherman, na anayeisoma hukumu ile hukuta ndani yake hadithi iliyokamilika. Mtoa habari wa serikali alikutana na mtu kwa daktari, wote wawili wakitibiwa uraibu. Wakasalimiana, wakakutana tena, wakazungumza habari za maradhi yao kama wagonjwa wazungumzavyo. Kisha mtoa habari akaanza kulalamika kuwa tiba haimfai, kuwa anateseka, akamwomba mwenziwe amtafutie pa kununua. Yule alikwepa. Akaombwa tena, na tena, mpaka huruma au uchovu ukamshinda, akanunua, wakawa wanagawana gharama. Na kwa kumhurumia mgonjwa mwenzake yeye mwenyewe akaurudia ugonjwa. Ndipo mtoa habari akawaita maafisa. Majaji wote walikubaliana kwamba hatia ile itenguliwe, ingawa hawakuafikiana juu ya hoja, na jaji mkuu Warren aliandika kwa ukali kuhusu serikali inayochezea udhaifu wa mtu ili itengeneze kosa ambalo lisingetendeka.

Hadithi hii ni njema, lakini imeishia pale ambapo kwa mtungaji ingeanza. Mahakama ilitaka kujua jambo moja juu ya mshtakiwa, yaani alikuwa na nia ya kuuza kabla ya kushawishiwa ama hakuwa nayo, na ilipopata jibu ikafunga kitabu. Mtoa habari, ambaye mwenyewe alikuwa na mashtaka yake ya kuuza na alikuwa akingoja hukumu, anapita katika kurasa zile bila ya uso. Naye alikuwa mgonjwa kweli! Alipolalamika kwamba anateseka, ni kiasi gani cha mateso hayo kilikuwa hadaa na kiasi gani kilikuwa kilio chake halisi kilichopatiwa kazi na polisi? Walipogawana kile walichokinunua, alikitupa? Sheria haina haja ya majibu haya, na si vibaya isiwe nayo. Ila mtu asituambie kwamba baada ya hukumu hiyo hakuna lililobaki kusemwa.

Kisa cha Robert Leuci wa New York ni kirefu zaidi na kina machungu ya namna nyingine, maana yeye aliwapeleleza wenzake. Alikuwa mpelelezi wa kitengo maalumu cha dawa za kulevya katika polisi ya mji ule, watu wapatao sabini waliozunguka mji mzima bila ya kusimamiwa sana, wakawakamata mapapa ambao wengine hawakuwathubutu, wakajitajirisha kwa fedha za wale waliowakamata, na wakawalipa watoa habari wao, ambao wengi walikuwa mateja, kwa kete walizozipokonya kwa mateja wengine. Mwaka 1971 Leuci alikutana na wachunguzi wa ufisadi, akakubali kuvaa kinasa sauti chini ya shati, na kwa zaidi ya mwaka mmoja akakaa na mawakili, wahalifu na askari wenzake, akicheka nao, huku mkanda ukizunguka kifuani pake. Mwisho wa mambo, katika watu wale sabini wa kitengo, 52 walishtakiwa. Wako waliofungwa, na wako waliojiua.

Na hapa tena kiapo kinayumba. Leuci alipoanza aliwaambia waendesha mashtaka kwamba katika miaka yake yote ya kazi alikuwa na makosa matatu tu, na kwa idadi hiyo alisimama kizimbani kama shahidi. Baadaye, alipobanwa, ilibainika kuwa makosa yake hayakuwa matatu wala thelathini. Mtu ambaye dola nzima ilimshika mkono kuwa ndiye msema kweli hakuweza kusema kweli yote maadamu kila alilokiri lingetumiwa na wakili wa upande wa pili kuangusha kesi iliyokwisha kupata hukumu. Kweli yake ilikuwa na bei kwa watu wengine. Robert Daley, aliyepata kuwa naibu kamishna katika polisi hiyohiyo, aliandika kisa chake mwaka 1978 katika Prince of the City, na Sidney Lumet akakifanya filamu mwaka 1981, filamu ndefu isiyo na shujaa, ambayo mwisho wake askari huyo, sasa mwalimu wa askari vijana, anatambuliwa na mmoja wa wanafunzi wake, naye kijana anamwambia kuwa hadhani ana la kujifunza kwake, anainuka, anatoka.

Leuci mwenyewe, baada ya kuacha kazi, akawa mtungaji wa riwaya za polisi na wahalifu: Doyle's Disciples mwaka 1984, Odessa Beach mwaka uliofuata, Captain Butterfly mwaka 1989, na nyingine baada ya hizo, akafundisha pia katika Chuo Kikuu cha Rhode Island mpaka uzeeni, na alifariki mwaka 2015. Nionavyo mimi riwaya zile zina masikio mazuri, mtu husikia mitaa ikisema, lakini askari wake ni watu anaowajua kuliko anavyojijua. Kile kinasa sauti chini ya shati, na rafiki anayekaribisha kinywaji bila ya kujua kwamba anazungumza na mahakama, alivisimulia kwa jina lake tu, katika kumbukumbu zake All the Centurions za mwaka 2004, zaidi ya miaka thelathini baada ya kuvivua. Huenda riwaya kwake ilikuwa chumba cha kupumzikia, ilhali kwa Wozencraft ilikuwa chumba cha kuungamia. Wala si dhambi kwa mtu kupumzika. Lakini anayetaka kuona kazi ya askari kanzu ikigeuka kuwa sanaa, namwelekeza kwanza Texas, kabla ya New York.

Kisha namwelekeza kwa mtu ambaye hakuwa askari hata siku moja. Philip K. Dick aliishi California, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika nyumba iliyojaa vijana wenye kutumia dawa, akawaona wakipotelewa na akili mmoja mmoja, akaandika A Scanner Darkly, iliyotoka mwaka 1977, na mwisho wake akaorodhesha marafiki waliokufa au kuharibika, jina lake mwenyewe likiwamo. Askari kanzu wa riwaya hiyo huvaa mbele ya wakubwa wake vazi linalobadilisha sura yake kila nukta, hata wao wasimjue ni nani, na siku moja anapewa amri ya kumchunguza mtumiaji mmoja anayeshukiwa. Mtumiaji huyo ni yeye. Anatazama kanda za nyumba yake, anajiandikia ripoti juu ya nafsi yake, na kwa kuwa dawa imekwisha kuzigawa pande mbili za ubongo wake, unafika wakati ambapo anayetazama hamtambui anayetazamwa. Jambo hilo ni la uwongo tangu mwanzo mpaka mwisho, hapana vazi kama hilo duniani, lakini sijasoma popote maelezo ya kuishi kwa majina mawili yaliyo karibu zaidi na yale yanayosemwa na watu walioishi hivyo.

Ukitoka hapo ukaenda kwenye duka la vitabu la uwanja wa ndege, utakuta aina nyingine. Askari kanzu anaingia katika genge, anavumilia majaribu, anakaribia kugunduliwa, anaokolewa na akili yake na bastola yake, papa anakamatwa pamoja na shehena, na shujaa anaoga, ananyoa, anarudi kwa mkewe akiwa mtu yuleyule. Sina ugomvi na burudani. Ugomvi wangu ni na kule kuoga. Mfano mashuhuri wa ushindi wa namna hii ni ule wa heroini iliyotoka Ufaransa, iliyokamatwa New York mwaka 1962, ikaandikiwa kitabu na Robin Moore, ikafanywa filamu, The French Connection, iliyozoa tuzo tano za Oscar kwa filamu za 1971. Watu walitoka sinema wakijua kuwa unga ule umekwisha kuwekwa mahali salama. Mwaka 1972 iligunduliwa katika ghala la polisi la New York kwamba unga huo na mwingine mwingi ulikuwa umetolewa kidogo kidogo kwa saini za kipolisi na kurudi mitaani, na ndani ya mifuko ulikuwa umetiwa unga wa ngano. Wadudu ndio waliowashtua wenye ghala.

Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki tumo katika habari hii kuliko tunavyopenda kukubali. Heroini hutoka Afghanistani, hushuka mpaka pwani ya Makrani, hupakiwa majahazini, na huja kwa njia ya bahari ambayo babu zetu waliijua kwa tende na vitambaa. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilikamata jahazini, mbali kidogo na pwani ya Kenya, kilo 1,032 kwa mpigo mmoja. Mwaka huohuo, Mombasa, watu waliojitia kuwa wajumbe wa genge la Colombia waliketi na ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, wana wa mzee Akasha aliyeuawa kwa risasi Amsterdam mwaka 2000, wakapatana nao bei na njia, na kwa wajumbe hao zikatolewa kilo 99 za heroini. Wajumbe walikuwa watoa habari wa idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, na mazungumzo yao yalinaswa kwa siri. Ndugu hao walikamatwa Novemba 2014, wakapelekwa New York Januari 2017, wakakiri Oktoba 2018, na wakahukumiwa, mmoja miaka 25 na mwingine 23. Siwaonei huruma, katika kukiri kwao ilimo pia rushwa waliyowapa maafisa wa Kenya ili kesi isitembee, na mitaa ya Kisauni na Likoni inajua bei ya ukarimu wao. Lakini nimestaajabu kwamba kisa hicho, chenye karamu na hofu na lafudhi za kughushi katika nyumba za Mombasa, kimesimuliwa kwa ukamilifu na waendesha mashtaka wa Manhattan tu, kwa Kiingereza cha mahakama.

Si kwamba hatuna mabingwa. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitupa Bwana Msa, kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kisa kilichoshinda mashindano ya utungaji ya 1957 na 1958. Faraji Katalambulla alitupa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Lakini Bwana Msa huingia nyumba za watu kwa jina lake na kiko chake mkononi, akafumbua fumbo kwa kufikiri. Na Willy Gamba, anapodanganya, hudanganya maadui wa ukombozi wa Afrika, ambao hakuna msomaji wa zama zile aliyetaka waambiwe ukweli. Wote wawili hawakuwa na sababu ya kukosa usingizi. Askari kanzu wa dawa za kulevya anamdanganya teja wa mtaa wa pili, kijana aliyesoma naye chuoni kwa mwalimu mmoja, dagaa anayeuza kete tano ili apate ya sita ya kutulizia arosto. Na papa, ambaye kwa ajili yake hadaa yote ilihalalishwa, aghalabu yuko mbali na mkono wa yeyote anayenunua kete. Katika jamii ambayo mtu hujulikana kwa ukoo na mtaa, na ambapo kula chumvi ya mtu kisha kumpeleka kwa hakimu ni aibu inayorithiwa na watoto, riwaya kama hii ingekuwa na uzito ambao haikuupata Texas.

Nimewahi kuambiwa, na mtu ninayemheshimu, kwamba kitabu cha namna hiyo kingewafunza wahalifu mbinu za polisi. Jibu langu ni kwamba wahalifu hawasomi riwaya ili wajue wamenaswa vipi. Hukaa kizimbani wakasomewa. Neil Woods, aliyekuwa askari kanzu Uingereza tangu mwaka 1993, na ambaye baadaye aliandika habari zake katika kitabu Good Cop, Bad War kisha akageuka kuzipinga sheria alizozitumikia, ameeleza jinsi magenge yalivyojifunza kutokana na kila operesheni, na kadiri yalivyojifunza ndivyo yalivyozidi kuwa katili kwa watu wao wenyewe, ili pasiwe na mdogo atakayethubutu kusema. Mbinu zilikwisha kujulikana na waliozihitaji. Kisichojulikana ni yale ambayo hayafai kuwa ushahidi.

Wala mtungaji wetu hana haja ya kungoja mpaka askari mmoja apate ujasiri wa Wozencraft, kwani upande wa pili wa kila ununuzi uko hai na unaweza kusema. Tangu mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, hutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, na kliniki nyingine zikafuata, Mwananyamala, Temeke na kwingineko, ambako watu hupanga foleni kila siku, wanywe dozi yao mbele ya muuguzi, kisha wengine huketi kivulini kwa muda kabla ya kurudi makwao. Wengi wao walipata kuuza ili wapate kubwia, na bila shaka wako waliomuuzia mtu ambaye baadaye walimwona akiwa amevaa tai, akisoma ripoti. Anayetaka kuiandika riwaya hii na aanze nao, aende kwa subira, asipeleke kinasa sauti mfukoni, na siku ya kwanza kabisa awaambie jina lake.